Hedifoni zilizofungwa za kutembea nazo: nilichosikia kati ya Kisumu na Nakuru

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema unasafiri Kisumu hadi Nakuru kila baada ya wiki mbili, unavaa miwani, simu yako haina tundu la waya, unapenda rumba na benga, na umebakiza hedifoni nne za kuchagua: Audio-Technica ATH-M50x, Sennheiser HD 25, Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoupinga umeme), na Meze 99 Classics. Unataka kujua ipi ina sauti nzuri kuliko zote, na kama ni kweli Focal Stellia inazifunika zote nne. Hizo nne nimeishi nazo, na mbili kati yake ninazo mpaka leo. Stellia niliisikiliza saa moja na nusu tu, nyumbani kwa rafiki yangu Milimani. Kazi yangu ni kurekodi kwaya na wapiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, hapa Kisumu, kwa hiyo naitegemea hedifoni kama mkulima anavyotegemea jembe.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana jibu lote limetoka hapo.

Nilikuwa na hedifoni ya zamani niliyoizoea sana. Joto la Kisumu na unyevu wa ziwa haviionei huruma ngozi bandia, na mito ya masikio ikaanza kuchubuka, magamba meusi yakibaki shavuni kila nikiivua. Nikapuuza. Wakati huo nilikuwa nachanganya nyimbo za kwaya moja, na kila nikisikiliza naona besi haipo. Nikaiongeza. Kesho yake nikaiongeza tena. Siku tulipozipiga kanisani kwenye spika kubwa, ukumbi ulinguruma mpaka sauti za akina mama zikazama. Mwalimu wa kwaya alinitazama bila kusema neno. Niliporudi nyumbani nikavaa ile hedifoni, nikaibana kichwani kwa viganja vya mikono miwili, na besi yote ikarudi papo hapo. Haikuwa imepotea kwenye rekodi. Ilikuwa inavuja kandokando ya masikio yangu.

Hedifoni iliyofungwa ni chumba kidogo cha hewa kati ya spika na ngoma ya sikio. Kwenye sauti nzito, spika inaisukuma ile hewa na kuivuta kama pampu ya baiskeli. Ukiwa na upenyo mahali popote, hewa inatoka na uzito wa sauti unatoka nayo, huku sauti za juu zikibaki karibu vilevile. Kwa hiyo hedifoni moja inaweza kuwa nzito na tamu kwangu, halafu ikawa nyembamba na kali kwako kwa sababu mkono wa miwani umeinua mto milimita chache tu nyuma ya sikio. Hivyo hivyo kwa dada mwenye misuko minene au kijana mwenye rasta. Nimewaona watu wakibishana kuhusu besi ya hedifoni moja mpaka wakasusiana, na kila mmoja alikuwa anasema kweli ya kichwa chake.

Sasa nilivyozilinganisha. Sikutumia nyimbo za redioni. Nilitumia rekodi yangu ya jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mmoja wa Seme akipiga nyatiti, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye mita mbili chumbani na najua ilivyosikika. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo ukingo wa mbao kama anayepiga ngoma, njuga zikilia mguuni humo humo. Ndani ya chombo kimoja unapata uzi mnene unaovuma, mgongano wa chuma na mbao, na mlio mkali wa njuga. Juu ya hapo kuna sauti ya mzee mwenyewe, nzito na yenye mikwaruzo. Hedifoni ikidanganya popote, nyatiti inaisema.

Jambo la pili ni volumu. Zikiwa mbili mbele yako na moja inapiga kwa nguvu kidogo tu zaidi, sikio litakuambia hiyo ndiyo bora. Hizi nne hazilingani kabisa: HD 25 ina omu 70 lakini inapaza kwa urahisi sana, na DT 770 ya omu 80 ndiyo inayodai umeme mwingi kuliko zote. Ukizibadilisha bila kugusa volumu, HD 25 itashinda kabla mchezo haujaanza. Mimi nilikata kipande cha katoni, nikatoboa tundu katikati, nikaweka maikrofoni ya simu ya pili kwenye tundu na hedifoni juu yake, nikapiga mshindo mmoja usiobadilika, nikarekebisha mpaka kipimo cha desibeli kikawa kimoja kwa zote. Si maabara, lakini iliniondolea upendeleo niliokuwa nao bila kujua.

Meze 99 Classics. Vikombe ni vya mbao ya mjozi, ina omu 32 na gramu 260, na simu yoyote inaiendesha bila jasho. Kampuni yenyewe iko Baia Mare, Romania. Sauti yake ni ya joto: besi imeinuliwa, na uzito huo unapanda kidogo mpaka kwenye sauti za wanaume. Usiku nyumbani, kukiwa kimya, nilisikia sauti ya jaduong' ikivaa koti ambalo hakulivaa siku ile. Uzi mnene wa nyatiti ulikuwa mtamu, lakini ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Njuga zililia bila kuchoma. Kwa rumba ya zamani, ambayo mara nyingi ina gitaa nyingi za juu na besi haba, ilinifanya nisikilize mpaka saa nane usiku nikiwa na kazi asubuhi. Kasoro moja: utepe wa chuma juu ya kichwa unavuma ukiguswa, na waya ukisuguana na shati unausikia sikioni.

Kisha nikapanda nayo matatu, na hapo ndipo nilipoielewa. Vikombe vilivyofungwa huzuia vizuri sauti za juu: kelele za makanga, filimbi, mtoto anayelia kiti cha nyuma. Mngurumo wa injini na wa magurudumu kwenye lami ni sauti nzito, nao unapita karibu kama ulivyo. Kuanzia Awasi gari linapopanda kuelekea Kericho, na tena kule Mau Summit, ule mngurumo unafunika besi ya muziki wako. Hedifoni iliyosawazishwa vizuri chumbani inageuka kavu barabarani. Meze, ile iliyokuwa imezidisha nyumbani, ndani ya gari ikawa sawasawa. Gitaa la besi la benga, ambalo halitulii, linalotembea na kujibizana na solo, nilikuwa nalifuata nota kwa nota mpaka Salgaa. Ile besi ya ziada ililiwa na gari, ikabaki inayotosha.

DT 770 Pro ni mnyama mwingine. Ni ya Ujerumani, na mito yake ni ya kitambaa laini kama mahameli. Kwa joto letu hiyo ni neema: haichubuki kama ngozi bandia na masikio hayaogi jasho. Besi yake inashuka chini sana, chini kuliko Meze, lakini haipandi juu kuwafunika waimbaji. Kwa hedifoni iliyofungwa ina nafasi ya kushangaza. Nikisikiliza kwaya naweza kukuonyesha kwa kidole alipo mwimbaji wa tatu upande wa kushoto. Tatizo liko juu. Kuna ukali kwenye herufi "s" na kwenye njuga, na rekodi iliyokuwa kali tangu mwanzo itakuchosha baada ya saa moja. Mimi naitumia kutafuta makosa, na kwa kazi hiyo siiuzi.

Lakini kwa safari? Waya wake una mita 3 na haung'oki, na kwa muda wote nilikuwa na bonge la waya mapajani. Mito ya kitambaa inapitisha kelele zaidi. Na kwa kibadilishi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaji ya simu, nyimbo za siku hizi zilipiga vizuri, ila rekodi za zamani zilizonaswa kwa sauti ndogo zilinifikisha mwisho wa volumu kabla hata ya Ahero. Kuna ya omu 32 yenye waya mfupi, nayo ina mito ya ngozi bandia. Ukiipenda sauti ya familia hii, tafuta hiyo.

HD 25 imekuwepo tangu 1988 na bado inauzwa, na ukiishika unajua sababu: gramu 140, na kila kiungo kinabadilishwa bila kuchomelea. Inakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, na inabana. Kubana huko kunazuia kelele kuliko hizi nyingine tatu, kwangu angalau. Sauti iko mbele kabisa, ngumi ya ngoma inakugonga, gitaa la solo la benga linakata kama wembe. Nafasi ni finyu, kila kitu kiko katikati ya kichwa. Jaduong' alisikika kama ameniegemea. Kwa dakika arobaini ni raha tupu. Baada ya hapo, wewe mwenye miwani utaumia, maana inalibana sikio juu ya mkono wa miwani. Mwenzangu anayevaa miwani alijaribu kutoka Kisumu, akaivua kabla hatujafika Kericho.

M50x sina mengi. Ni imara, waya wake unatoka na inakuja na nyaya tatu, mmoja mfupi wa mita 1.2 unaofaa barabarani. Besi imeinuliwa kiasi, juu kunang'aa, na waimbaji wanarudi nyuma hatua moja. Muziki wa vijana unaokwenda kwa mashine unapendeza. Kwa nyatiti, pete ya mguuni ilisikika wazi kuliko mikono ya mzee, na hilo halikunipendeza.

Stellia sasa. Ilitoka 2019 kwa dola 2,999, inatoka Ufaransa, spika yake ya milimita 40 ni ya beriliamu, chuma chepesi na kigumu mno. Nilicheza rekodi ile ile, na nikiri kwamba nilinyamaza. Kulikuwa na pumzi ya jaduong' kabla ya kila mstari, pumzi niliyoirekodi mimi mwenyewe na sikuwahi kuisikia. Uzi ulipoguswa ulianza ghafla na kuisha ghafla, kama chumbani. Ina omu 35 na simu inaiendesha bila shida. Kwa hiyo ndiyo, kwa sauti peke yake, chumbani, inazishinda nne zako, na pengo si dogo. Lakini ina gramu 435, na ndani ya gari lenye mngurumo ile pumzi ya jaduong' huisikii hata kwa fedha gani. Umelipia sauti ndogo ndogo ambazo barabara inazimeza.

Usiongeze volumu kushindana na injini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa 4 tu. Safari yako ya kwenda na kurudi inaweza kuzimaliza hizo saa 4 zote. Kama mngurumo wenyewe ndio unaokusumbua zaidi ya muziki, basi zile zenye kufuta kelele kwa umeme zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko zote nilizotaja, ingawa kwa utamu wa sauti mimi sijaridhika nazo.

Na kagua unaponunua. Niliwahi kuuziwa na duka moja hedifoni bandia yenye nembo safi na kijitabu ndani. Niliijua kwa nyatiti: uzi mnene na uzi mwembamba vilivuma mvumo mmoja, wa plastiki. Nenda na wimbo unaoujua kama jina la mama yako, vaa miwani yako mwenyewe, kaa dakika kumi. Besi ikiwa haba, bonyeza vikombe kwa viganja. Ikirudi ghafla, hedifoni hiyo haikuzibi, hata iwe na sifa namna gani.

Kwa hali uliyoieleza ningechukua Meze. Mito yake inazunguka sikio, inabana kwa upole, na ile besi ya ziada inakupa akiba ya kupoteza kidogo kwa miwani na kidogo kwa injini. Ila uliza kwanza kama mito ya akiba inapatikana. Yangu ya kwanza nilipokuwa naishi Nakuru, juu zaidi na kwenye baridi, ilidumu muda mrefu. Hapa Kisumu nimeshabadilisha. Kama sikio lako ni kubwa, pima vizuri, maana kuna toleo la mito mikubwa na la mito midogo, na ile midogo ilinigusa masikio.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakuwa Nakuru na Meze na DT 770 begini. Nitafutie kiti kimya mbali na barabara kuu, kisha tukasikilize zote mbili na stendi pia, gari likiwa linanguruma, wewe ukiwa na miwani yako.