Rapa asiye na lebo anahitaji kocha

Vijana wanaoniomba ushauri huanza na swali moja: nimpate wapi meneja? Jibu langu huwaudhi kidogo. Meneja atakutafutia shoo na kupokea simu, lakini kama pumzi inakukatikia katikati ya vesi (ubeti wa rap) na hakuna anayekuambia, atakuwa anauza bidhaa mbovu. Rapa wa kujitegemea, asiye na lebo (kampuni ya kurekodi na kuuza muziki), anachokikosa zaidi ni mtu wa kumsimamia mazoezini. Somo hilo sikulipata studio. Nililipata uwanjani nikikimbia mita 800, na kabla ya hapo nyumbani, kwa mama asiyependa makelele.

Nianze na nyumbani, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Rap imezoea kudai dhiki. Mashabiki wanapenda kusikia ulilala njaa, basi kijana aliyekula vizuri maisha yake yote anaazima shida za jirani na kuzichana, yaani kuzirap, kana kwamba ni zake. Masikio ya watu si mabovu hivyo. Mimi nililelewa kwenye nyumba ya utaratibu: saa ya kula inajulikana, saa ya kusoma inajulikana, redio inazimwa taarifa ya habari ikiisha. Humo hamna risasi wala polisi. Lakini mna baba anayekula kimya siku mambo yake yameharibika, mna kaka mkubwa aliyebebeshwa matumaini ya ukoo mzima, mna mdogo wa mwisho anayesikia kila kitu na kujifanya amelala. Huyo wa mwisho ndiye mimi, na karibu kila wimbo wangu unaosikilizwa mpaka leo ulitoka kwenye kile kitanda. Andika ulichokiona wewe, hata kama ni kidogo.

Lakini ukiandika malezi yako unaandika na watu wengine. Habari za mama yangu si mali yangu peke yangu. Kwa hiyo kabla sijatoa wimbo wenye mambo ya nyumbani, humsomea mhusika mistari inayomgusa, bila biti (mdundo wa wimbo), tumekaa tunatazamana. Bila biti kwa sababu biti inapendezesha hata matusi. Kuna vesi mama aliikataa. Hakueleza sana, alisema tu, "Hiyo mwanangu iache." Niliiacha. Wenzangu wawili watatu wanaona huko ni kujifunga mikono, na sibishani nao. Wimbo ukishapanda mtandaoni unakaa huko, na mama nitamwamkia tena kesho.

Na wala hip-hop yenyewe haikuzaliwa mbali na familia. Ile pati inayotajwa kuwa mwanzo wake, ya tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, iliandaliwa na Cindy Campbell ili apate pesa ya nguo za kurudia shule, na aliyepiga muziki ni kaka yake, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, kwa vyombo vilivyokuwa vya baba yao. Kipaji kilikuwepo, sikatai. Ila kulikuwa pia na baba mwenye spika na dada mwenye mipango.

Sasa masikio. Ukiulizwa nani amekuathiri ukataja marapa watupu, nina wasiwasi na wewe, maana utatoka nakala ya nakala. Rakim wa Marekani alipiga saksofoni kabla ya kujulikana kama rapa, na amesema mara nyingi jinsi John Coltrane, mpiga saksofoni wa jazi, alivyomfunza kuuvunja mstari na kuupanga upya. Ndiyo maana vina vyake vinadondoka katikati ya mstari na si mwishoni tu. Sisi tunaochana kwa Kiswahili mbona jambo hilo lingetushangaza? Shairi la kimapokeo lina mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane na nane, na lina kina cha kati na kina cha mwisho. Shule tulilazimishwa kuvihesabu kwa vidole. Mwalimu alidhani anatufundisha fasihi, kumbe mmoja wetu alikuwa anafundishwa flo, yaani namna ya kuyapanga maneno juu ya biti.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo naposikia uvivu mwingi. Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia kwa irabu, hivyo kupata kina cha "a" na "a" ni kazi ya dakika moja. Watu wanaridhika na hicho. Lazimisha silabi mbili zifanane, ikiwezekana tatu: safari, habari, hatari. Halafu angalia mkazo. Kwa kawaida sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na biti nyingi za rap zinapiga snea, ile ngoma yenye mlio mkali, kwenye pigo la pili na la nne. Jaribu kuipandisha silabi yenye mkazo juu ya snea. Ukichana "nimerudi nyumbani" na snea ikaangukia "ni" ya mwisho, msikilizaji atahisi umeteleza, hata kama hajui kwa nini. Ikiangukia "mba", mstari unasimama. Ukitaka kuuvunja huo mpangilio vunja, lakini iwe ni makusudi, na usivunje kila mstari.

Njia yangu ya kumsoma rapa ninayempenda ni ya kizamani: naiandika vesi yake kwa mkono, nahesabu silabi za kila mstari, natia alama anapovuta pumzi. Baada ya hapo naifunga daftari na sirudii kumsikiliza mpaka nimalize wimbo wangu. Ukimsikiliza huku unaandika, sauti yake itaingia kwenye koo lako bila kubisha hodi. Jihadhari pia na kukata kipande cha wimbo uliokulea ukakiweka kwenye biti yako. Kinahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. De La Soul, kundi la rap la Marekani, pamoja na ukubwa wao, albamu zao za mwanzo zilikaa nje ya huduma za kusikiliza muziki mtandaoni mpaka Machi 2023, sababu kubwa ikiwa ni vipande vya namna hiyo. Kama huna mwanasheria, mwite mpiga gitaa mtunge kitu chenu kipya.

Turudi uwanjani. Mita 800 ni mbio ya ajabu: ni ndefu mno kwa kukurupuka na ni fupi mno kwa kujivuta. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012, aliongoza tangu mwanzo bila mtu wa kumwekea kasi, na mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28. Sasa piga hesabu ya rap. Vesi ya mistari 16, kila mstari mapigo manne, kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, inachukua kama sekunde 43. Ni kama mzunguko mmoja wa kiwanja, ukiongea njia nzima. Na bado kuna kiitikio, na vesi ya pili, na watu wanataka uruke.

Ndiyo sababu marapa wengi wanasikika simba studio na paka jukwaani. Studio unarekodi mistari minne minne, prodyuza anaunganisha. Jukwaani hakuna wa kukuunganishia. Zoezi lililonisaidia ni kuchana vesi nzima huku nikikimbia polepole, kwa kasi ambayo bado ungeweza kuzungumza na mtu aliye pembeni yako. Palipokatika, narudi kwenye daftari. Mara nyingi dawa ni kuondoa neno moja lisilo na kazi, "yaani" au "kwamba", ili pumzi ipate pa kupita. Natia mkwaju (/) kwenye kila mahali pa kuvuta pumzi, na mkwaju huo nauheshimu kama neno. Vuta kwa tumbo. Mabega yakipanda ujue umevuta juu juu, na hiyo pumzi haifiki mstari wa tatu.

Uwanja ulinipa pia kitu ambacho muziki hauna, nacho ni saa isiyojua kubembeleza. Rafiki atakuambia wimbo ni moto. Saa ya kocha inasema 2:04 na hakuna cha kujadili. Nadhani wanamichezo wengi wanaochana wanaijua tofauti hiyo. Damian Lillard ametoa albamu za rap huku akicheza NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na rapa J. Cole alikwenda kuichezea timu ya kikapu ya Patriots ya Rwanda mwaka 2021, msimu wa kwanza wa Basketball Africa League, huku akijua fika kwamba kila pointi atakayokosa itaonekana. Rapa Master P naye alijaribu bahati na timu za NBA, lakini mimi namkumbuka zaidi kwa jambo la karatasi: alipata usambazaji mkubwa bila kuachia umiliki wa masta zake, yaani rekodi asilia za nyimbo.

Hayo ya karatasi nayapitia haraka. Siku hiyo hiyo mnayomaliza wimbo, andikeni nani ana asilimia ngapi, prodyuza na aliyeimba kiitikio wakiwemo, kila mtu atie saini kabla hajaondoka. Peleka wimbo kwa msambazaji, kampuni inayoupandisha mtandaoni, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kutoka, maana Spotify inataka siku saba au zaidi ukiomba wimbo ufikiriwe kwenye orodha zake. Na usitegemee pesa za haraka. Tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha visikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu huko.

Kuhusu kocha mwenyewe, si lazima awe mwanamuziki. Wangu ni binamu anayefundisha watoto kukimbia na hapendi rap hata kidogo. Nampa wimbo kabla haujamikswa (kabla sauti hazijasawazishwa), simpi maneno yaliyoandikwa, na namwomba aseme kitu kimoja tu: ni dakika na sekunde ngapi alipoacha kunielewa. Anataja, nakwenda kuirudia sehemu hiyo, namletea tena. Hajawahi kuniambia wimbo ni mzuri, na sijawahi kumuuliza.