Ukiandaa tuzo, usimfukuze mama wa fundi sauti

Mbukwenyi wanangu. Juzi kuna dogo kanifuata DM, wanaandaa tuzo za filamu za vijana hapa Dodoma, watarusha laivu YouTube, anauliza wafanyeje watu wasikimbie katikati. Nikacheka kwanza, maana hiki kitu mi kilishanipiga.

Mwaka wetu wa kwanza tulikodi ukumbi kule Kisasa, kadi zimeandikwa saa kumi na mbili jioni, tukaanza saa mbili kasoro, af MC akasema "itifaki imezingatiwa" halafu hapohapo akaanza kutambulisha mmoja mmoja, waheshimiwa, wadhamini, mwenyekiti wa mtaa, mpaka jamaa aliyeleta viti. Mi nipo pembeni na simu naangalia namba ya wanaotazama, 140, 90, 61, na hakuna tuzo hata moja iliyotoka. Kibaya zaidi, ili "kuokoa muda" mafundi tulishawapa zao mchana, sauti, mwanga, uhariri, kimyakimya, picha ya pamoja mlangoni basi. Usiku wao na ndugu zao hawakurudi, viti kibao vitupu. Tulikata pasipotakiwa kukatwa.

Baadae nikajifariji kwamba hata Oscars, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani, wanahangaika. Huwa naikeshea, zamani kwa saa zetu ilikuwa inaanza saa tisa usiku, 2024 wakaisogeza ikawa saa nane, ili Mmarekani mwenye kazi kesho yake asiizime kabla haijaisha. Hawa jamaa 1998 walipata watazamaji kama milioni 55 kwao Marekani tu, 2021 wakabaki na milioni 10 na kitu. Dawa zote wamemeza. Filamu zinazowania tuzo kubwa zikatoka 5 zikawa 10, 2018 wakatangaza tuzo ya filamu pendwa, wakazomewa, wakaiweka kabatini, 2019 wakaenda bila MC kabisa. 2022 ndo wakatoa tuzo 8 kabla matangazo hayajaanza, uhariri na sauti zikiwemo, wenye fani wakaja juu, mwaka uliofuata zikarudi jukwaani. Yaani kosa letu la Kisasa kabisa, ila wao wamevaa tai.

Sasa jiulize hiyo 1998 kulikuwa na nini. Titanic bana! Watu walikuwa wameshaiona, wanaijua, kila mtu ana upande kama Simba na Yanga. Kwa hiyo dogo, kabla hujawaza msanii wa kutumbuiza, onyesha filamu zenyewe. Ongea na wenye vibanda umiza Chang'ombe na Nkuhungu siku ambazo hakuna mpira, wiki mbili tatu kabla, weka na vipande kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu hawezi kukesha na bando lake kusubiri mshindi wa filamu ambayo hajaiona.

Na tuzo ya mwisho iangalie kwa jicho kali. 2021 kule walibadilisha ratiba, mwigizaji bora wa kiume akawekwa mwisho, wengi wakiamini ni marehemu Chadwick Boseman, akatajwa Anthony Hopkins ambaye hata ukumbini hayupo, shoo ikaisha kama luku imekata. Wewe piga simu mchana, hakikisha wote wanaowania ile ya mwisho wamefika mjini.

Mgeni rasmi mpe dakika tano, tena katikati, sio mwanzo. Atanuna kidogo, atazoea. Wetu wa mwaka wa pili alinuna.

Ila mwaka huohuo mafundi tukawarudisha jukwaani. Akatajwa kijana wa sauti, kabla hajasimama mama yake akawa ameshafika mbele, khanga imedondoka njiani, kapiga vigelegele karibu na maiki mpaka spika zikalia wiiiii, na mshindi mwenyewe, yule fundi sauti, akakimbilia mikseri kushusha sauti badala ya kupokea tuzo. Nikachungulia simu, ile namba ilikuwa inapanda.