Muulize Fundi wa Rangi: Kutu ya bure tunayo tayari

*Assalaam alaykum Fundi. Nimerithi Vespa ya marehemu babu. Kaka yangu aliipiga rangi nyekundu ya kung'aa, sasa imekuwa kama kopo la biskuti. Nataka sura ya zamani irudi: rangi iliyofifia, michubuko, kutu kidogo. Maharusi wanapenda kupiga picha na vyombo kama hivyo, na mimi natafuta riziki yangu. Pesa ya fundi sina. Rafiki yangu kaniambia nichanganye siki, chumvi na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, nipulize kwenye chuma kitupu, kutu itatoka papo hapo. Nifanye?*
*Mwenye Vespa, Jang'ombe*

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Rafiki yako hakukudanganya. Siki inavua ngozi ya juu ya chuma, haidrojeni inaleta oksijeni, chumvi inaharakisha kazi, na ndani ya dakika chache utaona rangi ya chungwa inatambaa kwenye bati kama chai iliyomwagika kitambaani. Nami siku ya kwanza nilifurahi. Lakini usifanye.

Mtindo huo una kwao. Kule Arizona, Marekani, gari linaweza kukaa jangwani miaka na miaka kutu yake ikabaki ya juu juu, maana hewa ni kavu. Yetu sisi ina chumvi, na upepo wa bahari hauulizi mtaa. Zamani nilimfanyia mteja mmoja mfuniko wa ubavu wa Vespa kwa dawa hiyo hiyo. Nikausuuza, nikaukausha juani, nikapaka vanishi, akaniombea dua. Masika yalipokwisha akanirudishia. Vanishi ilikuwa imefanya malengelenge. Nikabonyeza moja kwa dole gumba, dole likatokea upande wa pili. Chumvi ilibaki kwenye vishimo vya bati, chini ya vanishi, ikala kimyakimya. Mfuniko mwingine nilinunua kwa pesa yangu.

Na ukiwa mbishi, basi angalau usiutie mchanganyiko huo kwenye chupa ukaufunga. Unatoa gesi, chupa inapasuka, na mvuke wake unachoma macho na kifua.

Sasa njia ya maskini. Kabla hujanunua hata brashi, nenda chini ya kiti, mahali pasipoonekana, usugue kwa msasa wa maji namba 400 eneo la ukubwa wa sarafu. Sugua polepole, maji yakitiririka. Utaona duara linafunguka: nyekundu ya kaka yako, kisha kijivu cha praima, ile rangi ya chini, kisha, Mungu akipenda, rangi ya babu yenyewe. Ukiiona, simama hapo. Chombo chako kina sura ya zamani tayari, kimevikwa kanzu tu. Kazi iliyobaki ni kuivua kanzu hiyo kwa namba 600, kisha 800, jioni moja baada ya nyingine, na huna haja ya kununua rangi. Funga kitambaa puani na usisugue kavu, kwani rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake si la kuvuta.

Kama kaka alikwangua mpaka chuma, basi tunajenga upya. Osha kwa sabuni na maji ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Piga msasa, futa kwa thina, paka praima nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, na ndani ya madigadi na chini ya ubao wa miguu pia. Ikishakauka vizuri, chukua mshumaa mweupe usugue pale ambapo chombo huchoka chenyewe: kingo za ubao wa miguu, ngao ya mbele panapogusa magoti, ukingo wa kiti, pembeni ya kiki. Juu yake paka rangi unayoitaka, lakini uizeeshe kabla ya kuipaka. Buluu ya kopo itie nyeupe kidogo na tone la kahawia, mpaka ifanane na mlango wa duka uliopigwa jua la kaskazi misimu kumi. Brashi inatosha, kompresa haihitajiki. Alama za brashi tutazisugua. Siku ya pili pitisha tambara gumu penye nta. Rangi itabanduka vipande vipande na praima itachungulia kama chuma kilichoiva. Futa nta yote kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, la sivyo vanishi haitashika.

Hapo wengi huharibu. Wanachubua katikati ya bati, doa hapa, doa pale, chombo kinaonekana kimeugua tetekuwanga. Uzee una njia zake. Jua linapiga juu kuliko ubavuni, kwa hiyo juu pafifie zaidi. Mvua inashuka, kwa hiyo michirizi ya kutu ianzie kwenye nati na kuteremka, ikizidi kuwa myembamba. Kaangalie gari chakavu lolote kwa dakika tano kabla ya kushika tambara.

Kutu yenyewe utaipata shamba. Chukua udongo mwekundu wa kinongo, uanike, uchekeche kwa kitambaa cha kanga, uchanganye na vanishi isiyong'aa. Wekundu wa udongo huo unatokana na chuma, ndiyo maana jicho linadanganyika. Dondoshea kwa kipande cha sponji ya godoro. Ukitaka kutu yenye kukwaruza ukiigusa, nyunyiza mdalasini wa unga vanishi ikiwa mbichi. Manjano usithubutu, jua litaila rangi yake upesi. Ikikauka, maliza kwa vanishi isiyong'aa mara mbili. Jaribu kwanza chini ya kiti: vanishi ya thina kali juu ya rangi ya mafuta iliyo changa inaikunja kama ngozi ya maziwa.

*Fundi, nina Land Rover ya zamani ya kutembeza wageni. Nataka milango na madigadi ya mbele yaonekane yameliwa na kutu. Nimepaka dawa ya siki na haidrojeni mara tatu, wapi! Nimekosea kipimo?*
*Dereva, Jambiani*

Kipimo hakina kosa, bwana. Umepaka alumini. Land Rover ilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bodi wakalifanya la aloi ya alumini, na mtindo huo ukaendelea. Weka sumaku katikati ya mlango, itaanguka. Alumini haitoi kutu nyekundu hata uiombe. Inatoa unga mweupe.

Kwa hiyo ukipaka kutu ya udongo katikati ya mlango, wageni watapiga picha na mafundi watacheka. Sugua kingo mpaka alumini ionekane, uiache ififie yenyewe. Michirizi myekundu iruhusu chini ya bawaba na bolti tu, kwani hizo ni chuma. Ila ukikuta unga mweupe kuzunguka bolti, hilo si pambo. Alumini ikikutana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Fungua, safisha, weka washa ya mpira. Na kwa kuwa uko Jambiani, lala chini uigonge fremu kwa nyundo ndogo. Fremu ni chuma, na huko ndiko kutu ya kweli ilikojificha wakati wewe ukiitafuta mlangoni.

*Mimi nafufua bodi la zamani la gari ya shamba. Rangi iliyofifia naipaka mafuta ya kitani, yale ya maseremala, inapendeza sana. Juzi matambara niliyoyatupa kwenye pipa yalitoa moshi usiku, na karakana ilikuwa imefungwa. Jirani anasema ni husda.*
*Chake Chake, Pemba*

Jirani mwombe radhi kwa niaba yangu, lakini ni mafuta. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Yanakamata oksijeni ya hewa, na kwa kufanya hivyo yanatoa joto. Tambara moja kambani halina neno. Yakirundikwa, joto halina pa kutokea, linapanda mpaka yanawaka bila kiberiti. Yaanike nje moja moja mpaka yakauke makavu, au yatose kwenye ndoo ya maji.

Kuhusu upakaji wenyewe: mafuta kidogo, uyafute yote baada ya robo saa, la sivyo yatanata na kukusanya vumbi la barabara. Na usibadilishe ukapaka sifa, yale mafuta ya papa, kwa kuwa ni rahisi. Majahazi yanavumilia harufu ya papa, abiria wa shamba hawatavumilia.

Hilo pipa ulimwage leo, kabla ya Magharibi.