Usonji au haiba ya skizotipo?

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 24, mpweke na mwenye mazungumzo ya ajabu, ana usonji (tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni) au haiba ya skizotipo (tabia ya kudumu ya upweke, shuku na imani za ajabu). Upweke hauamui, uko kote kuwili. Mwulizeni mama: akiwa na miaka 3 hadi 5, alipanga vifuniko vya soda mstari mmoja na kulia vikiguswa? Hapo fikiria usonji.

Kisha, kwa nini anakwepa watu? "Sijui niseme nini" si sawa na "redio inanisema mimi": la kwanza huelekea usonji, la pili skizotipo.

Dodoso la Raine la 1991, lenye maswali 74 ya kupima dalili za skizotipo, huweza kupotosha: mwenye usonji huweza kulichukua swali neno kwa neno. Akiulizwa kuhusu kusikia sauti, anafikiria friji ya jirani anayoisikia, anajaza "ndiyo". Mtaalamu aombe mfano kwa kila "ndiyo". Na yote mawili huweza kukaa pamoja.

Sauti wasizozisikia wengine zikianza kumwamuru, hospitali siku hiyohiyo.