Gari Linagoma Alfajiri: Maswali ya Betri Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Nilinunua gari dogo Dar es Salaam mwezi wa tatu. Kule lilikuwa linawaka ukigusa tu ufunguo. Nimehamia Njombe kikazi, na sasa kila alfajiri stata inajivuta kwa uvivu, halafu inabaki kulia tik-tik-tik. Jua likipanda, saa nne hivi, linawaka bila shida. Fundi anasema baridi imeua betri. Ni kweli? – Mwalimu, Njombe mjini

Mwalimu, aliyeiua ni joto la Dar. Baridi ya Njombe imeleta tu taarifa ya msiba. Joto ndilo linalokausha maji ya betri na kuharakisha kuliwa kwa pleti za risasi zilizomo ndani. Betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake bado inaweza kuwasha injini pale Kariakoo wewe usijue lolote. Ikifika kwenu, mambo mawili yanaikuta kwa mpigo. Kemikali za ndani hufanya kazi polepole kadiri baridi inavyozidi, kiasi kwamba ikikaribia nyuzi 0 hata betri nzima hupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake. Wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, na stata inadai umeme mwingi zaidi kuizungusha. Mapato yamepungua, madeni yameongezeka.

Usinunue betri bado. Tafuta mita ya umeme, ile ndogo ya mafundi inatosha, na upime gari likiwa limelala usiku kucha, kabla hujagusa ufunguo. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini ni ya kupeleka kwenye chaja leo hii. Kisha mtu apige stata huku wewe unaangalia mita: namba ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, pleti zimechoka, na hapo mnunue mpya. Gari likiwaka, pima tena. Unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukikuta 12 na ushee, altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) haichaji au mkanda wake unateleza, na betri mpya itakufia vilevile ndani ya wiki.

Kuna kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya wa athi, ule unaounga hasi ya betri na chuma cha gari, umeoza au umelegea. Tumeona betri nzima zikitupwa kwa sababu ya waya huo.

Tik-tik unayoisikia mara nyingi ni betri dhaifu au vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa, vyenye ule unga wa kijani na mweupe. Fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu inapiga shoti. Osha vichwa kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha magadi, yaleyale ya maharage, bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri. Yatatoa povu: ni asidi inakufa. Suuza, kausha, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, kaza, halafu paka grisi kidogo kwa juu.

Na uliza umewekewa oili gani. Kama ni 20W-50 ya Dar na kitabu cha gari kinaruhusu 10W-40 au 5W-30, badilisha. Kadiri namba iliyo mbele ya W inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyokuwa nyepesi kwenye baridi.

Dukani kuna chupa mbili, zote muuzaji anaziita "maji ya betri". Ipi ni ya kuongezea? – Msomaji, Mafinga

Moja ni asidi, nyingine ni maji yaliyochujwa kwa mvuke. Ya kuongezea ni maji. Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi hubaki. Ukiongeza asidi juu ya asidi, mita itakudanganya kwa siku chache kwamba betri imenona, kumbe pleti zinaliwa. Asidi huwekwa mara moja tu, betri kavu inapojazwa ikiwa mpya. Maji ya bomba au ya kisima yana madini, hayafai hata yakiwa meupe namna gani.

Jaza hadi mstari wa juu uliochorwa ubavuni. Kama hakuna mstari, milimita 10 juu ya pleti. Ongeza baada ya kuchaji, isipokuwa pleti zimeachwa wazi: hapo zifunike kwanza, chaji, kisha malizia.

Kwa betri zisizofunguliwa zenye kijicho cha kijani cha kuonyesha chaji: kijicho hicho hutazama chumba kimoja tu kati ya sita. Amini mita.

Jirani yangu huweka jiko la mkaa chini ya injini kabla ya kuwasha. Linawaka kweli. Na mimi nifanye? – Mama wa duka, Makete

Hapana, mama. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, injini huvuja oili, mipira ya mafuta hupita hukohuko chini. Wala usimwagie betri maji ya moto, kasha lake linaweza kupasuka. Jalidi ya Kitulo haigandishi betri iliyojaa. Iliyojaa huhitaji baridi kali zaidi sana kuliko hiyo. Blanketi juu ya boneti husaidia kidogo kama gari limeegeshwa likiwa bado na moto, ila betri haizalishi joto lake yenyewe, na ukisahau kulitoa feni italila. Heri pesa ya mkaa iende kwenye chaja.

Noah yangu ilizima Igurusi, dereva wa lori akajitolea kunibusti, yaani kuniwashia kwa waya kutoka betri yake. Kondakta akakataa. Alikuwa na haki? – Dereva, Uyole

Amekuokolea gari. Malori mengi makubwa ya barabara ya Tunduma ni volti 24, Noah ni 12. Ungeunguza kompyuta ya gari na pengine betri ingekulipukia. Usihesabu betri kwa macho, maana zipo gari za volti 12 zenye betri mbili. Pima kwa mita.

Ukipata gari la volti 12, utaratibu ni huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu hapo ndipo cheche hutoka. Acha gari zima lingurume dakika 5 hadi 10. Piga stata sekunde 10 tu, pumzisha dakika moja, rudia. Kama ni dizeli, subiri taa ya hita plagi (zile plagi za kupasha injini joto) izime kwanza. Ukitoa waya, anza na wa mwisho kurudi nyuma.

Natoka Forest hadi sokoni Mwanjelwa, narudi, basi. Jumapili hadi Jumatano gari halitoki. Betri inakufa kila mwezi. – Mfanyabiashara, Mbeya

Safari zako ni fupi mno, kaka. Taa, feni ya joto na hita ya kioo cha nyuma vinakula karibu chote altaneta inachoingiza, na betri yenye baridi hupokea chaji kwa kinyongo. Kisha gari linalala. Alamu na redio za kawaida hazitakiwi kuvuta zaidi ya miliampea 50. Alamu iliyofungwa vibaya ikivuta 300, kwa siku inakula ampea-saa 7.2 (ampea-saa ndicho kipimo cha akiba ya betri), siku nne ni 28.8, na betri ya saizi ya N50 ina kama 50 tu. Fundi akate hasi, aunge mita katikati, asubiri nusu saa gari lilale, kisha achomoe fyuzi moja moja hadi namba idondoke. Fyuzi hiyo ndiyo ya mwizi.

Hadi Agosti iishe, ichaji kila baada ya wiki mbili kwa ampea 5, nje au barazani, si chumbani mnakolala. Ikiwa imefika nusu, saa sita au saba zinatosha. Wanaochaji kwa ampea 30 ili uchukue betri baada ya saa moja wanakupikia pleti.