Anza na diski ya polepole, na anayecheka mwache acheke

Msomaji mmoja wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha visahani vya plastiki mpaka viingie kikapuni, kaniandikia wiki hii: "Dada, nimenunua diski sita kama nilivyoshauriwa, natumia mkono wa kulia, na zote zinaangukia kushoto. Shida ni mkono wangu?" Nilipoisoma nilipandwa na hasira, maana huyu dada wa watu keshaanza kuutilia shaka mwili wake. Mdogo wangu, mkono wako hauna shida yoyote. Umeshauriwa diski zisizokufaa, basi.

Nayajua hayo kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa mgeni wa mchezo, mchezaji mmoja mzoefu alinikuta narushia pata, ile diski ya kumalizia, tangu kituo cha kuanzia. Aliichomoa mkononi mwangu mbele za watu, akasema hiyo ni ya watoto, akanipa draiva yake nzito, diski ya kurushia mbali. Nikarusha. Ikaondoka na ukingo wa mbele umeinuka, ikapanda, ikagota hewani, ikalalia ubavu na kudondoka kushoto, hapo hapo karibu. Watu wakacheka. "Utazoea," akaniambia. Nilimrudishia draiva yake, nikaokota pata yangu, nikaendelea nayo. Miezi ya kurusha na kuokota iliyofuata siisimulii, haina utamu. Ila mwezi uliopita nimeshinda mashindano upande wa wanawake, na mfukoni mwangu hapakuwa na diski hata moja ya kasi inayozidi 9. Yule bwana alikuwepo. Aliwapongeza wengine, mimi akanipita. Nimefurahi sana kushinda, na lile bado linaniuma.

Sasa twende kwenye namba, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Diski nyingi zina namba nne. Ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au 15. Ya pili ni uwezo wa kuelea. Ya tatu ni jinsi inavyogeuka ingali na mwendo, na ya nne ni jinsi inavyoangukia pembeni mwendo ukiisha. Aviar ya kampuni ya Innova, pata inayojulikana sana, ni 2, 3, 0, 1. Buzzz ya kampuni ya Discraft, ambayo ni ya masafa ya kati, ni 5, 4, -1, 1. Destroyer ya Innova, draiva inayotamaniwa na karibu kila anayeanza, ni 12, 5, -1, 3. Mgeni anaona 12 na 2, anaamua ya 12 itafika mbali zaidi. Lakini ile namba ya kwanza ni sharti. Inakuambia mkono wako unatakiwa utoe mwendo kiasi gani ili zile tatu nyingine zitimie. Rusha Destroyer kwa mwendo wa mtu anayejifunza, ile -1, yaani kugeukia kulia, hutaiona kamwe. Utaiona 3 peke yake, yaani kushoto, kushoto, kushoto.

Na hasara haiishii hapo. Diski ikikataa kwenda, mwili unaanza kutafuta njia za mkato. Unainua ukingo wa mbele ili ipande, unakaza bega, unapindua kifundo cha mkono wakati wa kuachia ili isiende kushoto. Mwishowe unapata mtupo uliotengenezwa kwa ajili ya kuficha tatizo la diski, na kuuondoa huo mtupo ni kazi kuliko kujifunza upya.

Pata haikubali ujanja huo. Ukingo wake ni butu. Ukiiachia vibaya inatetemeka na unaiona inatetemeka. Ukiilaza upande, inaufuata upande huo huo. Ikiruka imenyooka na kutulia, jua ni wewe umeirusha vizuri. Tena mchezo wenyewe ulikua hivyo. Ed Headrick, aitwaye baba wa mchezo huu, alipoweka uwanja wa kwanza wa kudumu kule Oak Grove, California, mwaka 1975, watu walikuwa wakirusha visahani vya kawaida vyenye ukingo butu. Diski ya ukingo uliochongwa ilikuja mwaka 1983. Waliotangulia walijengwa na diski za polepole, na hakuna aliyewaita watoto.

Kwa hiyo nunua pata moja. Ikikutii, ongeza moja ya masafa ya kati. Baada ya hapo ndipo uchukue draiva nyepesi ya kasi 6 au 7 inayogeuka kirahisi. Leopard, yenye 6, 5, -2, 1, imewasaidia wengi. Kuhusu uzito usitishwe na mtu. Kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, mwisho gramu 200, ndiyo maana draiva ya sentimita 21 hugota karibu na gramu 175. Hicho ni kikomo, hulazimishwi kukifikia. Draiva ya gramu 150 hadi 165 itakuinukia vizuri zaidi. Pata waweza kuichukua nzito kidogo, isiyumbishwe na upepo. Plastiki chukua ile ya bei ya chini: inashikika vizuri, na ikishagonga miti na ardhi inalainika, inaacha ubishi na kuanza kunyooka.

Mtindo wa kurusha je? Nitasema ninavyoamini: anza na ule ambao mkono wako tayari unaujua. Bekihendi unasimama bega likielekea kikapu, dole gumba juu ya mgongo wa diski, vidole vimekunjwa ndani ya ukingo, kisha unaivuta kwa mstari mmoja mbele ya kifua, nguvu ikitoka miguuni na kiunoni. Kwa mkono wa kulia, humalizikia kushoto. Fohendi kiganja kinatazama juu, vidole viwili vinabana ukingo kwa ndani, kiwiko kinakaa karibu na mbavu na kifundo kinachapa, kama unayerusha jiwe liruke-ruke juu ya maji. Hiyo humalizikia kulia.

Mimi fohendi ilinijia kwanza, na hapo napo nilisemwa. Niliambiwa ni mtindo wa walioshindwa bekihendi. Ricky Wysocki, bingwa wa dunia 2016 na 2017, ana fohendi inayoogopwa, na sijasikia akiambiwa ameshindwa kitu. Ila nikutahadharishe: kwa fohendi pata huwa kali kwa mgeni, inatetemeka ukikosea kidogo tu, kwa hiyo jifunzie na diski ya masafa ya kati isiyopenda kugeuka. Usirushe kwa nguvu kabla mkono haujapata joto. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko yakianza, acha siku hiyo.

Bekihendi utaihitaji tu, usije ukaitupa. Kuna njia zinazopinda kushoto na zinazopinda kulia, na mwenye mtupo mmoja atakwama kwenye miti. Lakini moja kwanza, ikomae, ndipo ya pili. Na zote mbili zianze umesimama wima, bila hatua za kukimbilia. Hatua huongeza mwendo, na mwendo huongeza kosa ulilonalo.

Upepo ukikujia usoni, diski hugeuka kuliko ulivyozoea. Tumia isiyogeuka kirahisi na uirushe chini. Wapo watakaokuambia ukaze mkono. Usikaze.

Zile sita zako usizigawe. Angalia ipi ina namba ya kwanza ndogo kuliko zote. Kama ni 5 au chini yake, itoshe kwa sasa; kama hakuna, nunua pata na zote sita ziingie kabatini. Siku pata hiyo itakapofika mita 40 imenyooka, mara nyingi kuliko inavyokukatalia, niandikie na unitajie namba za zilizomo kabatini, nikuambie ya kutoa kwanza.