Maji ya kisima cha pwani hukadiriwa kwa mvua
Ndugu yangu, umeuliza, ukiwa hapa Nairobi, kama visima vya kwenu Tiwi vinaweza kulisha nyumba zaidi bila kuingiwa na chumvi. Usianze na nguvu ya pampu, anza na mvua inayozama ardhini. Tuseme kilomita 1 ya mraba inapata milimita 1,000 kwa mwaka na asilimia 10 inapenya: hizo ni mita za ujazo 100,000, lakini msipange kuzichota zote, kwa kuwa sehemu yake lazima iendelee kutiririka kuelekea baharini ili kuyazuia maji ya chumvi. Hapo ndipo wengi hukosea. Maji matamu huelea juu ya yale ya bahari, na kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, hivyo mkiyashusha kwa nusu mita tu, baada ya muda mtapoteza karibu mita 20. Sisi wa Nairobi kisima kikipungua huchimba zaidi. Pwani, huko ni kuifuata chumvi. Pimeni kimo cha maji kisimani na chumvi yake kila mwezi, hasa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya kuomba kibali cha kisima kipya kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.